Ndururu Elfu Mbili Katika Boksi Moja

Alhamisi ya tarehe 22 Desemba 2022, siku moja kabla ya ile dhoruba ya theluji iliyoufunga mji wa Buffalo, jimbo la New York, nilitoka benki nikiwa nimekumbatia boksi dogo la karatasi ngumu lenye uzito wa kilo kumi. Ndani yake mlikuwa na sarafu 2,000 za senti tano za Kimarekani, ambazo wenyewe huziita nikeli, zimepangwa arobaini arobaini katika vibunda 50 vilivyozungushiwa karatasi. Thamani yake ilikuwa dola 100 kamili, na nilikuwa nimetoa dola 100 kuzipata. Nilipofika nyumbani mke wangu aliniuliza, “Baba Zuhura, umekwenda kununua pesa kwa pesa?” Sikuwa na jibu la kumridhisha, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nimefanya.

Kwetu Tanga marehemu bibi yangu aliiita senti tano ndururu. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za zamani za Afrika Mashariki, zile za shaba zenye tundu katikati, ambazo wajukuu tulizitunga kwenye uzi na kuzivaa shingoni mpaka atunyang’anye. Neno hilo ndilo lililonijia nilipoyaona maboksi ya benki, nami nitalitumia humu, kwa kuwa sijawahi kuzoea kuiita sarafu kwa jina la madini. Aliyenitia katika shughuli hii ni kaka mmoja Mkongo tunayefanya naye kazi ghalani. Siku moja wakati wa mapumziko alitoa mfukoni ndururu ya zamani yenye nyati wa Kimarekani upande mmoja na kichwa cha Mhindi Mwekundu upande wa pili, akanieleza kwamba aliitoa kwenye kibunda cha benki kwa senti tano zilezile. Nilicheka, kisha sikulala.

Kosa langu la kwanza lilianza usiku wa siku hiyo ya Alhamisi. Nilikuwa namtafuta nyati tu. Kila kibunda nilichokifungua nilikimwaga juu ya taulo, nikapitisha jicho, na nilipoona picha zote ni za Thomas Jefferson, rais wa zamani wa Marekani, nilizipanga upya katika karatasi nyingine na kuziweka pembeni tayari kurudishwa. Nilikwenda kwa mwendo huo hadi kibunda cha thelathini, bila nyati hata mmoja, ndipo nikachoka na kuanza kusoma habari za sarafu zenyewe, jambo ambalo mtu mwenye busara angelifanya kabla ya kukanyaga benki. Nikajifunza kwamba ndururu ya Jefferson, iliyochorwa na Felix Schlag, imekuwa ikifuliwa tangu 1938 kwa mchanganyiko wa shaba asilimia 75 na nikeli asilimia 25, isipokuwa katika kipindi kimoja kifupi cha Vita Kuu ya Pili, na kwamba kipindi hicho hutambuliwa kwa hakika kwa kutazama upande wa nyuma wa sarafu, ule wenye nyumba ya Jefferson iitwayo Monticello. Katika vibunda vyote thelathini sikuwa nimeugeuza upande huo hata mara moja.

Kesho yake benki ilikuwa haifikiki. Upepo ulikuwa umeleta theluji hadi mtu asione nyumba ya jirani, serikali ikapiga marufuku magari barabarani, na kwa siku kadhaa hatukutoka nje. Dhoruba ile iliua watu wengi katika mji wetu, na sipendi kuitaja kana kwamba ilikuwa likizo. Lakini ukweli ni kwamba kama si hiyo, vibunda vile thelathini ningevirudisha asubuhi ya Ijumaa. Nilivifungua tena. Nikapata ndururu mbili za vita, moja ya 1943 na nyingine ya 1945, zote mbili zikiwa zimepita mikononi mwangu saa chache kabla yake.

Jambo la ndururu za vita lina uzuri wake, nami nitalikalia kidogo. Mwaka 1942 nikeli ilihitajika sana kwa silaha, hivyo ikaondolewa kabisa katika sarafu, na kuanzia Oktoba ya mwaka huo hadi mwisho wa 1945 ndururu ilifuliwa kwa shaba asilimia 56, madini ya fedha asilimia 35 na manganisi asilimia 9. Uwiano huo haukuokotwa tu, kwani mashine za kuuzia bidhaa zilikuwa tayari zimeenea, na mchanganyiko mpya ulipaswa kupita ndani yake bila kukataliwa kama sarafu bandia. Ili ziweze kutengwa baadaye, herufi ya kiwanda iliwekwa kubwa juu ya kuba la Monticello: P kwa Philadelphia, D kwa Denver, S kwa San Francisco. Hiyo P ndiyo ya kwanza kuonekana kwenye sarafu yoyote ya Marekani, kwa maana Philadelphia, kama kiwanda mama, haikuwa na desturi ya kujitambulisha. Na kwa kuwa mwaka 1942 ulitoa ndururu za aina zote mbili, mtu anayesoma mwaka peke yake ataweka kando sarafu ya kawaida akidhani ameokota fedha.

Rangi yake nayo hujitangaza, ukishaizoea. Ndururu ya kawaida ikichakaa huwa na weupe wa kijiko cha zamani; ya vita huwa ya kijivu iliyofifia kama majivu yaliyonyeshewa, pengine na michirizi myeusi. Kufikia boksi la tano, binti yangu Zuhura, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi, alikuwa akiikata karatasi ya kibunda, anazilaza sarafu zote kwenye kiganja kama mua uliolala, anatazama kingo zake tu, na kusema ipo au haipo. Mimi bado nazigeuza moja moja. Amenishinda mara nyingi, na mara mbili hivi mimi nimemshinda, nazo nazikumbuka.

Kupata maboksi kulinifundisha adabu ambayo sikujua kama naihitaji. Benki haidaiwi maboksi kwa ukali. Huagizwa siku kadhaa kabla, mteja awe na akaunti, na karani ana hiari ya kuuliza ni ya nini. Katika tawi la kwanza nilijieleza kwa maneno mengi, kijana wa dirishani akanitazama kama mtu anayeficha jambo, na mara ya tatu nikaambiwa kwamba huduma hiyo ni ya wafanyabiashara. Katika tawi jingine nilisema tu kwamba mimi na binti yangu tunakusanya sarafu. Mama wa makamo aliyekuwa zamu alitabasamu, akaandika agizo, na tangu siku hiyo kila akipata mteja aliyeleta sarafu alizozifunga mwenyewe nyumbani huniwekea. Vibunda vya namna hiyo, vilivyofungwa kwa mkono na vyenye karatasi iliyokunjamana, vimenipa vitu vizuri kuliko maboksi, kwa sababu hutoka kwenye mitungi na madroo ya watu, ambako sarafu hulala miaka arobaini bila kusumbuliwa.

Kosa kubwa zaidi nililifanya mwezi Machi 2023. Nilikuwa nimepata nyati wangu wa tatu, na huyu, tofauti na wawili wa kwanza, alikuwa na mwaka unaosomeka. Inafaa nieleze kwamba ndururu za nyati, zilizobuniwa na James Earle Fraser na kufuliwa kuanzia 1913 hadi 1938, zina udhaifu wa kuzaliwa nao: mwaka uliandikwa juu ya bega la yule Mhindi, mahali palipoinuka, hivyo ndio wa kwanza kulika. Nyingi zinazotoka benki leo hazina mwaka kabisa, na zinabaki picha tu. Yangu ilisomeka 1926, na chini ya nyati palikuwa na alama ya D. Ilikuwa na utando wa kahawia uliokolea, nami nikaona si heshima kuiacha hivyo. Nilimkumbuka bibi akisugua sinia lake la shaba kwa ndimu na majivu kabla ya Idi, hadi uone uso wako. Majivu sikuwa nayo, nikatumia ndimu na chumvi. Baada ya dakika tano ndururu yangu iling’aa kama iliyotoka kiwandani jana, na Zuhura akapiga makofi.

Jumamosi niliipeleka kwa mzee mmoja muuza sarafu, mwenye duka dogo lenye kengele mlangoni. Aliitia chini ya taa, akaigeuza mara moja tu, akaniuliza kwa upole kama niliiosha. Nilipokubali, hakunikaripia. Alitoa kwenye sanduku ndururu nyingine ya umri ule ule, yenye utando wake wote, akaziweka pamoja na kuninyamazia. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba ile yangu ilikuwa imechubuka; chumvi ilikuwa imeacha mikwaruzo myembamba inayokimbia upande mmoja, na mng’ao wake ulikuwa wa sufuria, si wa sarafu. Alisema angeinunua kwa sehemu ndogo ya bei ambayo angeilipa wiki iliyotangulia. Sikuiuza. Iko kwenye rafu jikoni hadi leo, mahali ambapo mke wangu huweka ndimu, na kwamba ni yeye aliyeiweka hapo sina shaka.

Mzee huyo ndiye aliyenitenganishia mambo mawili niliyokuwa nikiyachanganya, yaani uchache na bei. Nilikuwa nimesoma kwamba ndururu ya 1950 kutoka Denver ilifuliwa 2,630,030 tu, idadi ndogo kuliko ndururu nyingine zote za kawaida za Jefferson, na nilidhani kwamba mtu akiipata amestaafu. Kumbe watu wa mwaka ule walisikia habari hiyo mapema, wakazinunua kwa mifuko na kuzificha zikiwa mpya. Kwa hiyo zile zinazotembea mitaani ni adimu mno, mimi sijapata hata moja, lakini zilizo majumbani ni nyingi na bei yake imebaki ya kawaida. Upande wa pili kuna ndururu za 2009. Uchumi ulikuwa umeanguka, maduka hayakuhitaji chenji mpya, na viwanda viwili vilifua kiasi cha milioni 86 tu kwa jumla, ilhali katika miaka mingi ya karibu hufua mamia ya milioni. Hazifanani na hazina hata kidogo, zina sura ileile ya Jefferson anayetazama mbele iliyoanza 2006, na ndiyo maana karibu kila mtu huzipita. Mimi naziweka kando, ingawa nikiulizwa zitanifaa nini nabaki kusema kwamba nafasi ya kuziweka ninayo.

Kisa kilichonifanya nitazame kila ndururu ya 1944 mara mbili ni cha Francis LeRoy Henning wa New Jersey, ambaye katika miaka ya 1950 aliamua kughushi pesa, na kati ya pesa zote akachagua senti tano. Alizifua kwa maelfu. Zilifanana na za kweli kiasi cha kumpita mtu wa kawaida, isipokuwa kwamba zile alizoziandika 1944 zilikosa ile P kubwa juu ya kuba, na wakusanyaji sarafu wakawa wa kwanza kuliona pengo hilo. Alipoona mambo yameharibika alizimwaga nyingine mtoni, akakamatwa mwaka 1955. Kila ninapopata ya 1944 nageuza nikiwa na tumaini la ajabu la kukuta paa tupu. Hadi sasa paa zote zimekuwa na herufi.

Sasa nifike kwenye daftari. Mke wangu ndiye aliyenishauri niandike kila boksi, na nadhani alikuwa na nia ya kunikamata kwa maandishi yangu mwenyewe. Mpaka mwezi uliopita nilikuwa nimepitia maboksi 34, yaani ndururu 68,000. Nimepata za vita 47. Nyati 19, kati yao 11 bila mwaka. Moja ya mwaka 1907 yenye kichwa cha mwanamke anayewakilisha Uhuru, iliyolika hadi unaihisi kwa kidole kuliko kuiona. Sita za maonyesho, yaani zilizofuliwa kwa ajili ya wakusanyaji, zenye alama ya S, ambazo mtu fulani alizitoa kwenye kifuko chake maalumu akanunulia kitu dukani. Na za Kanada zaidi ya mia moja, kwa sababu hapa nchi hiyo iko ng’ambo ya mto. Kila boksi lilinichukua saa nne hivi, kuanzia kukata karatasi hadi kurudisha, kwa hiyo ni saa 136. Ndururu moja ya vita ina aunsi 0.056 ya fedha halisi, na bei ilipokuwa dola 24 kwa aunsi, fedha hiyo ilikuwa ya dola 1.35. Zote 47 zilikuwa na dola 63 na ushei, tena kwenye karatasi, kwa maana wanunuzi hukata kwa ajili ya manganisi inayosumbua wakati wa kuyeyusha. Gawanya kwa saa 136, utaona kwamba nimejilipa chini ya thumuni kwa saa, na petroli ya kwenda benki sijaitoa.

Nilimwonyesha mke wangu hesabu hiyo nikitarajia ushindi wake. Aliisoma, akasema, “Na mpira unaotazama Jumamosi unakulipa thumuni ngapi?” Hatukulizungumza tena. Hata hivyo daftari lilibadilisha namna ninavyofanya kazi hii. Kabla yake nilikumbuka maboksi mazuri tu, na kila boksi tupu nililiona kama dhulma. Baada yake niliona wazi kwamba maboksi 9 kati ya 34 hayakuwa na ndururu ya vita hata moja, kwamba hayo yalikuja kwa mafungu, na kwamba fungu kubwa zaidi lilikuwa majira ya joto ya 2023, nilipokuwa nikiagiza na kurudisha katika tawi lilelile. Hapo ndipo nilipoikumbuka ndururu yenye K.

Ilikuwa ya mwaka 1974, na mtu alikuwa ameikwaruza kwa msumari herufi K kwenye shavu la Jefferson. Niliiona katika boksi la kumi na moja, nikacheka, nikairudisha. Katika boksi la kumi na nne ilikuwepo tena. Nilikuwa nanunua sarafu zangu mwenyewe, nilizokwisha kuzichambua, na kuzichambua upya kwa makini yale yale. Nikaanza kuagiza benki moja na kurudisha katika benki nyingine, upande wa pili wa mji, ambako wana mashine ya kuhesabia isiyomtoza mteja. Mashine hiyo ina trei ndogo ya sarafu ilizozikataa, na nimejizoesha kuichungulia, kwani watu huondoka na risiti yao wakaacha za kigeni. Humo niliokota senti tano ya Kanada yenye pembe kumi na mbili, ya miaka ya 1950, na nikaiweka karibu na senti tano yetu ya Tanzania ya 1966, yenye picha ya samaki, ambayo nayo ina pembe kumi na mbili. Zuhura alidhani ni ndugu.

Nilipokwenda nyumbani mwaka 2024 nilitaka kuwapelekea wapwa zangu mfuko mzima wa ndururu, kwa kuwa zawadi ya dola ishirini inayolia ndani ya mfuko ni zawadi kubwa machoni pa mtoto. Kwa bahati niliuliza kwanza. Tangu Desemba 2006 Marekani imezuia kuyeyusha senti moja na senti tano zake na kuzisafirisha nje kwa wingi, kwa sababu madini yaliyomo yaliwahi kuzidi thamani iliyoandikwa. Msafiri huruhusiwa kubeba za dola 5 tu, au hadi dola 25 ikiwa ni dhahiri kwamba ni za mkusanyaji. Ndururu za vita zenyewe zimeachwa nje ya katazo la kuyeyusha, jambo lililonishangaza, kwani ndizo pekee ambazo nisingependa ziyeyushwe. Nilibeba kibunda kimoja, dola mbili. Niliwachagulia wapwa zile picha za 2004 na 2005, zenye mashua, nyati na bahari, na mtoto wa dada yangu akachagua bahari bila kusita, kama mtu wa Tanga anavyotarajiwa.

Kopo la bibi bado lipo kwa mama mkubwa. Nilikaa nalo kibarazani alasiri nzima, nikisoma miaka na kugeuza upande wa pili, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba baadhi ya zile zenye tundu zina herufi ndogo za viwanda, mahali ambapo macho yangu ya utotoni yalikuwa yamepita mara elfu. Hakuna niliyoichukua. Mama mkubwa aliniuliza kama huko Marekani nimekuwa sonara.

Boksi la thelathini na nne nililifungua Jumapili moja mwezi uliopita. Lilitoka benki ambayo sijawahi kurudisha hata senti. Katika kibunda cha ishirini na sita Zuhura alizilaza sarafu kiganjani, akatazama kingo, akasema hamna kitu, kisha akatulia na kuichomoa moja iliyokuwa imegeuka. Ilikuwa ya 1974, na K ilikuwa shavuni, imeanza kufifia. Maana yake, nadhani, ni kwamba benki zetu zote hufungiwa sarafu mahali pamoja, na hila yangu ya kuvuka mji imekuwa ikinigharimu petroli bure. Zuhura aliniuliza kama tuiweke. Nilifikiri kidogo, nikamwambia airudishe kibundani, na Jumatatu nikaimimina pamoja na zenzake kwenye mashine.